Gitaa Kongwe la Umeme: Namna ya Kulirejesha Bila Kuliharibu Mara ya Pili

Gitaa la umeme ni chombo cha muziki, lakini pia ni kifaa cha fizikia. Wapenzi wa muziki wa dansi wamelisikia kwa miaka mingi, ila ni wachache waliopata nafasi ya kulifungua na kuona kilichomo ndani yake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi gitaa hilo linavyofanya kazi, kwa nini magitaa mengi ya zamani yalikatwakatwa na wenyewe, na jinsi fundi mwangalifu anavyoweza kuyarejesha. Hoja yetu ni kwamba ubao uliochongwa na rangi iliyokwanguliwa havirudi tena; kwa hiyo kila hatua ya fundi haina budi kuwa ile ambayo fundi mwingine, baada ya miaka hamsini, ataweza kuitengua.

Sauti hupatikanaje?

Chini ya nyuzi za chuma za gitaa huwekwa kinasa. Kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, wenye unene wa takriban milimita 0.06, mizunguko ipatayo elfu saba au nane. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, huvuruga uga wa sumaku, na badiliko hilo huzaa umeme mdogo katika waya. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831. Uzi mnene wa gitaa hutikisika kama mara 82 kwa sekunde, na umeme unaotoka katika kinasa hupanda na kushuka kwa mwendo huohuo, kisha hukuzwa na kipaza sauti.

Udhaifu wa kinasa cha koili moja ni kwamba hupokea pia mvumo wa umeme wa majumbani, ambao hapa kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde na huko Marekani mara 60. Mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitatua tatizo hilo kwa kutumia koili mbili. Koili hizo huzungushwa na kuunganishwa kwa namna ambayo mvumo wa koili moja hupingana na mvumo wa nyingine na kufutana. Sumaku nazo huelekezwa kinyume, ili sauti ya nyuzi isifutike bali ijumlike. Lover aliomba hataza mwaka 1955 akaipata mwaka 1959, na magitaa yenye vinasa hivyo yalianza kuuzwa mwaka 1957.

Kwa nini magitaa yalikatwa?

Tuchukue mfano wa gitaa la aina ya Stratocaster, ambalo kampuni ya Fender ya California ilianza kulitengeneza mwaka 1954. Tuseme letu ni la mwaka 1962. Lilitoka kiwandani na vinasa vitatu vya koili moja, kiwiliwili cha mti uitwao alda, na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne.

Katika miaka ya 1970 gitaa kama hili lilikuwa limekwisha kuwa chombo cha mkono wa pili tu. Wanamuziki walitaka sauti nzito isiyo na mvumo, na vinasa vya koili mbili vilikuwa vikiuzwa peke yake madukani. Kwa kuwa kinasa hicho ni kipana zaidi, kisingeweza kuingia katika kishimo cha zamani. Kwa hiyo ubao ulichongwa kwa patasi au mashine. Swichi ziliongezwa kwa kutoboa bamba la juu. Vigingi vya kukazia nyuzi vilibadilishwa, na matundu yake, yaliyokuwa chini kidogo ya milimita 9, yakapanuliwa hadi milimita 10. Mwishowe rangi ilikwanguliwa ili ubao uonekane.

Msomaji asiwahukumu watu hao kwa haraka. Walikuwa na haja ya kweli, na chombo kilikuwa chao cha kazi. Lakini matokeo yake ni kwamba magitaa mengi ya wakati huo yamepoteza sehemu ya ushahidi wa jinsi yalivyoundwa.

Kupima kabla ya kugusa

Hatua ya kwanza ya urejeshaji haihitaji chombo chochote cha kukata. Fundi hupiga picha za kila upande, huchora mchoro wa nyaya, na kuandika vipimo. Anayeanza kwa kulehemu atakuwa amekwisha kufuta habari ambazo zingemsaidia.

Mfano mmoja ni namba zilizochapwa juu ya potenshiometa, yaani kile kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti. Namba 304 mwanzoni huonyesha kampuni ya Stackpole, na 137 huonyesha CTS. Tarakimu zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Hivyo 304 ikifuatwa na 6213 humaanisha wiki ya 13 ya mwaka 1962. Namba hiyo haithibitishi tarehe ya gitaa zima, bali huonyesha tu kwamba nyaya hizo hazikuunganishwa kabla ya wiki ile. Tena ushahidi wenyewe huwa na nguvu pale tu ambapo risasi ya kulehemu haijaguswa.

Taa ya miali ya urujuanimno nayo husaidia. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kwa rangi ya manjano yenye ukijani, na mahali palipopakwa upya huonekana tofauti, hata kama mchana rangi hizo mbili hufanana kabisa.

Vinasa hupimwa ukinzani wake kwa mita ya kawaida. Kinasa cha Stratocaster ya wakati huo husoma karibu kiloomu 6. Hapa lipo jambo ambalo fundi wa nchi za joto asilisahau: ukinzani wa shaba huongezeka kwa asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja. Kinasa kinachosoma kiloomu 6.0 katika nyuzijoto 20 kitasoma kiloomu 6.2 na zaidi katika nyuzijoto 30. Asiyeandika hali ya joto aweza kudhani kuwa kinasa kimezungushwa upya, kumbe ni jua la mchana tu.

Mita isiposoma kitu, waya umekatika mahali fulani. Hata hivyo, si lazima koili nzima izungushwe upya. Mara nyingi mkatiko huwa kwenye ncha, pale waya unapolehemiwa au pale jasho lilipoula mzunguko wa nje. Kuunganisha ncha hiyo huokoa koili ya asili. Kuikata na kuizungusha upya ni hatua ya mwisho kabisa.

Umeme: mahali penye matumaini

Sehemu ya umeme ndiyo rahisi zaidi kurejesha, kwa sababu nyaya na vifaa huweza kuondolewa bila kuumiza ubao. Lakini inafaa kueleza kwa nini thamani za vifaa ni muhimu.

Koili ina tabia ya kupinga badiliko la mkondo, na tabia hiyo huitwa indaktansi. Waya mrefu unaokwenda kwenye kipaza sauti huhifadhi chaji kidogo, na tabia hiyo huitwa kapasitansi. Vitu hivi viwili vikiungana, huwapo mtikisiko mmoja ambao hupita kwa nguvu kuliko mingine yote. Kwa kinasa chenye henri 2.4 na kapasitansi ya pikofaradi 600, hesabu hutoa karibu hezi 4,200. Kinasa cha koili mbili chenye henri 4.5, kwa waya uleule, hutoa karibu hezi 3,100. Sikio la binadamu husikia tofauti hii waziwazi: sauti ya kwanza ni kali na nyangavu, ya pili ni nene na nzito. Potenshiometa nazo huamua ukali wa kilele hicho. Zile za asili za kiloomu 250 hukipunguza, na zile za kiloomu 500, ambazo ni za kawaida kwa vinasa vya koili mbili, hukiacha kijitokeze. Kwa hiyo anayerudisha vinasa vya asili na kuacha potenshiometa za fundi aliyetangulia hajairudisha sauti ya asili.

Ubao: mahali penye hasara

Je, kishimo kilichochongwa huharibu sauti kiasi gani? Tufanye hesabu. Kishimo chenye urefu wa milimita 70, upana wa 40 na kina cha 18 kina sentimita za ujazo 50. Uzito wa alda ni karibu gramu 0.45 kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo ubao uliotoka hauzidi gramu 23, katika kiwiliwili chenye uzito wa karibu kilo 2. Ni dhahiri kwamba hasara kubwa haiko katika uzito. Hasara ni ya umbo na ushahidi, na ya nguvu ya ubao pale ambapo kishimo kimekaribia shingo, kwani nyuzi sita kwa pamoja huvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 45 hivi.

Kishimo hicho huzibwa kwa kipande cha mti wa aina ileile, ambacho nyuzinyuzi zake zimeelekea upande uleule. Sababu ni kwamba ubao hunywa unyevu wa hewa na kutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Kipande kilichowekwa kinyume kitavutana na ubao unaokizunguka hadi ufa utokee. Puti ya magari, ambayo ilitumiwa na wengi, haitanuki pamoja na ubao, na ndiyo maana alama yake hujitokeza juu ya rangi baada ya muda. Aidha kipande kikae katika chumba kimoja na gitaa kwa wiki kadhaa kabla ya kukatwa, ili unyevu wao ulingane. Gundi ya ngozi ya wanyama hufaa kwa kuwa hulegezwa kwa joto na maji.

Fundi asikipanue kishimo ili kipande kiingie kwa urahisi. Afuate kingo zilizopo, hata kama zimepinda, kwa sababu kila unyoa wa ziada ni sehemu nyingine ya gitaa la asili inayokwenda taka.

Matundu ya vigingi yanatupa mfano mzuri zaidi. Badala ya kuyaziba na kutoboa upya, huwekwa pete za chuma ambazo kwa nje zina milimita 10 na kwa ndani hupokea vigingi vya zamani. Pete hizo hutoka kwa kusukumwa, na hakuna ubao unaoondolewa.

Rangi na mti

Vanishi ya nitroselulosi hukauka kwa kuyeyuka kwa kimiminika chake tu. Tabaka jipya huyeyusha kidogo tabaka la zamani na kushikana nalo. Kwa hiyo mipasuko huweza kutengenezwa bila kukwangua. Inabakia kanuni moja: palipo na vanishi ya asili, hata kama ni robo tu, ibakizwe. Msasa ndio adui mkubwa wa gitaa kongwe. Tahadhari pia ni muhimu, kwani nitroselulosi hushika moto upesi mno, na risasi ya zamani ya kulehemu ina sumu. Kazi ifanyike penye hewa ya kutosha na mbali na moto.

Ubao wa vidole wa magitaa mengi ya wakati huo ulitokana na mti wa Brazili uitwao kwa Kilatini Dalbergia nigra. Mti huu ni ndugu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Biashara ya kimataifa ya mti huo wa Brazili imezuiwa kwa mkataba wa CITES tangu mwaka 1992, na jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iliwekwa chini ya udhibiti mwaka 2017. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zilipewa msamaha, lakini si zile zenye mti wa Brazili. Fundi anayeutupa ubao wa vidole uliochakaa na kuweka mwingine hutupa mti ambao hawezi kuununua tena kwa urahisi.

Je, kila badiliko ni uharibifu?

Hapa fundi anahitaji busara zaidi ya vipimo. Gitaa jeusi la aina ya Stratocaster la Mwingereza David Gilmour, wa bendi ya Pink Floyd, lilinunuliwa New York mwaka 1970. Baadaye lilibadilishwa shingo, vinasa na swichi, na mwaka 1983 kiwiliwili chake kilichongwa ili kupokea daraja la aina nyingine. Mwezi Juni 2019 liliuzwa mnadani kwa dola za Marekani 3,975,000. Kama fundi angelirudisha katika hali ya kiwandani na kufuta kila alama, angefuta historia ya muziki uliopigwa kwalo.

Kwa hiyo kabla ya kuliita badiliko uharibifu, yatupasa kuuliza: nani alilifanya, lini, na kwa sababu gani? Badiliko la mwanamuziki ambaye kazi yake inajulikana ni sehemu ya maisha ya chombo. Badiliko la haraka lisilo na kumbukumbu, linalodhoofisha ubao au kuzima sauti, ndilo la kurekebishwa.

Hata baada ya kurekebishwa, mambo mawili hubakia. Kwanza, vifaa vyote vilivyoondolewa vihifadhiwe katika mfuko ulioandikwa na kukabidhiwa kwa mwenye gitaa. Pili, maandishi ya kazi yafuatane na chombo daima. Gitaa lililozibwa kwa ustadi kisha likauzwa kana kwamba halijaguswa humdanganya mnunuzi, na humpotosha mtafiti atakayelipima baadaye. Karatasi moja yenye tarehe, vipimo na jina la fundi yatosha kuzuia hayo, na gharama yake haifikii hata bei ya uzi mmoja.