Kiti cha Enzi na Mafundi wa Lamu

Katika nyumba ya mawe ya Lamu mgeni hafiki kila mahali. Aliyekuja kwa biashara humalizia maneno yake dakani, kwenye baraza la mawe la mlangoni. Anayefahamika zaidi hupita tekani, ukumbi mdogo nyuma ya mlango, akaingia kiwandani, ule uwanja ulio wazi kwa jua. Msana wa tini na msana wa yuu, vyumba virefu vinavyofuata, ni vya jamaa na wale waliohesabiwa kuwa jamaa, na ndani ni kwa wenye nyumba wenyewe. Kila hatua ya kuelekea ndani ni daraja la heshima, na seremala wa Lamu aliyajua madaraja hayo sawasawa na mwashi aliyejenga kuta. Chombo alichokitengeneza kilikuwa na mahali pake na mtu wake.

Kilichobeba heshima kubwa kuliko vyote ni kiti cha enzi, ambacho wengine hukiita kiti cha mpingo tu. Kilikuwa kiti cha mkubwa: mwanachuoni, sharifu, mzee wa ukoo, mgeni aliyevuka bahari. Hakikuwa kiti cha kupumzikia baada ya chakula cha mchana. Kilisimama mahali pa kuonekana, mara nyingi vikiwa viwili, na hata kikiwa kitupu kilitoa habari ya nyumba: kwamba hapa mtu mkubwa anaweza kupokelewa inavyostahili. Wengi wanaokitazama leo katika makumbusho hukipima kwa starehe, wakaona mgongo wake umesimama wima mno. Mimi naona hicho ndicho kipimo kisichokifaa. Anayekikalia analazimika kunyoosha mgongo, kulaza mikono juu ya mbao pana za pembeni na kuweka miguu juu ya kibao chake. Hawezi kujilaza wala kujikunja. Kiti chenyewe kinampa adabu ya kukaa mbele za watu.

Tazama kilivyoundwa. Fremu yake ni ya mpingo, imenyooka, yenye pembe kali, bila mguu uliopindwa. Mgongo, pembeni na kikalio havikuzibwa kwa mbao bali kwa nyuzi zilizofumwa ndani ya fremu ndogo ndogo, zikaacha hewa ipite. Jambo hilo si dogo katika mji wenye joto la pwani. Viungo ni ndimi zilizoingia matunduni na kukazwa, kiasi kwamba kiti kinaweza kufunguliwa vipande na kuunganishwa tena, na kibao cha miguu huchomolewa. Chombo cha namna hiyo kingeweza kupakiwa jahazini kutoka Siyu kikashuka Mombasa bila kuvunjika. Juu ya weusi wa mpingo fundi alipachika vipande vyeupe vya pembe ya ndovu au vya mfupa, vidogo, vilivyokatwa kwa mraba, pembetatu na nyota, kila kimoja katika kitundu kilichochimbwa kwa kadiri yake. Hiyo ndiyo njumu, kazi ya subira hasa, kwa sababu kitundu kikizidi upana unywele mmoja kipande kinalegea na mstari mzima unaonekana umelewa.

Nimekuwa nikiamini kwamba umbo la kiti hiki limetoka kwenye mti wenyewe kama lilivyotoka kichwani mwa fundi. Wataalamu wamelitafutia asili Misri ya Mamluki, Ureno na Bara Hindi, na mjadala haujafungwa. Lakini mtu aliyewahi kuushika mpingo anajua unavyojiamulia mambo. Ni mti mfupi, uliojaa matawi, uliopinda, na mara nyingi shina lake lina uvungu. Ukiondoa tabaka la nje la rangi ya njano unakuta moyo mweusi wenye mshipa wa zambarau, mzito kiasi cha kuzama majini, mgumu kiasi cha kuumaliza makali msumeno. Ubao mrefu na mpana hupatikana kwa nadra. Fundi mwenye mti kama huo ana vipande vifupi, vyembamba na imara, na kiti cha enzi kimejengwa kwa vipande vifupi, vyembamba na imara. Hakuna aliyeulazimisha mti uwe kitu usichokiweza.

Mbao nyingine zilikuwa na kazi zake. Milango ilitaka mbao pana zinazostahimili chumvi na mvua, nayo bambakofi ilitosha kwa hilo, pamoja na mvule na msaji ulioletwa kwa merikebu kutoka Bara Hindi. Mkomafi wa mikokoni uliingia katika vyombo vya baharini na katika vitanda.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa na jina kubwa katika kazi hizi. Katika karne ya 19 mji huo ulijulikana kwa mambo mengi kwa pamoja: wanazuoni, wanakili wa Misahafu, watengenezaji wa viatu vya ngozi, wahunzi wa silaha na maseremala. Ndio mji uliolishinda jeshi la Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, katika miaka ya 1840, chini ya kiongozi wake Bwana Mataka. Napenda kuyaweka mambo haya pamoja kwa sababu yalikuwa pamoja. Nakshi zilizozunguka ukurasa wa Msahafu na nakshi zilizozunguka mlango zimetoka katika macho yaliyozoea kitu kimoja: duara la bikari, jani linalozaa jani, yungiyungi, waridi, mstari usiokatika. Picha za viumbe wenye roho ziliepukwa, kwa adabu ya dini.

Utajiri uliolipia kazi hizi ulikuwa na mizizi yake, na mila ya watu haisimuliwi kwa kuificha nusu. Waungwana wa Lamu na Pate waliishi kwa biashara ya bahari na kwa mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Pembe ya ndovu iliyopachikwa kitini ilishuka kutoka bara ikiwa imebebwa mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao hawakuwa huru. Madaraja ya heshima niliyoyataja mwanzo yalikuwa pia madaraja ya nani aliruhusiwa kukaa na nani alipaswa kusimama. Anayekipenda kiti cha enzi, kama ninavyokipenda mimi, akipende akijua hayo.

Nyumba ya Lamu, kwa desturi, hufuata upande wa mwanamke. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake anapoolewa, au alimpa sehemu ya nyumba ya ukoo, na nyumba za ndugu ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani. Kwa hiyo harusi ilikuwa msimu wa seremala. Kilihitajika kitanda, na kitanda kilikuwa na vyeo vyake: ulili wenye matendegu yaliyokerezwa kwa mikono na kutiwa rangi nyekundu na nyeusi, na samadari, kile kirefu cha kupandia kibao, kilichotiwa mapambo na kufunikwa vitambaa vya thamani. Yalihitajika makasha ya kuwekea nguo na dhahabu, yakapigwa njumu za shaba. Vyote hivyo viliwekwa mbele ya zidaka, yale matundu ya ukutani yaliyochongwa katika chokaa na kupangwa vyombo vya kauri kutoka China. Fundi alijua anamfanyia nani. Alimfahamu baba wa binti, alimfahamu bwana harusi, na kazi mbovu ingemfuata msikitini kila swala.

Ufundi wenyewe ulipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, kwa mpwa, au kwa mwanagenzi aliyeletwa na wazazi wake na kukabidhiwa. Mwanagenzi hakuanza na patasi. Alianza na ufagio, akaja kwenye jiwe la kunolea, akaja kwenye kulainisha ubao kwa msasa, na zamani msasa ulikuwa jani la mti lenye ukali kama tupa. Baadaye ndipo alipewa ukingo wa ubao achimbe mstari mmoja unaorudiwarudiwa, kisha duara, kisha yungiyungi. Kuchora nakshi nzima kwenye mbao tupu kulibaki mkononi mwa fundi mkuu kwa muda mrefu, maana anayechora ndiye anayeamua, na anayechonga anafuata. Aliyefika huko aliheshimiwa pamoja na washairi. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki katikati ya miaka ya 1940, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji wa milango, na mkono uleule uliozinakili tenzi kwa ajili ya wasomi wa Ulaya ndio uliochonga mbao. Mtindo mmoja wa milango ya Lamu unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya, na uchumi wa waungwana ambao tayari ulikuwa umeyumba ukaanguka. Nyumba nyingi zilibaki na viti bila pesa. Viti vikauzwa: kwanza kwa maofisa, halafu kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, halafu kwa watalii waliojaa Lamu kuanzia miaka ya 1970. Vingine viko Makumbusho ya Lamu, vingine vimefika Ulaya na Marekani. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda kila mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, na inahesabu kuwa kitu cha kale kila kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka 1895. Kiti cha babu wa babu yako huenda kiko ndani ya sheria hiyo. Yeyote anayekuja kukinunua ili akipeleke nje bila kibali anakuingiza katika kosa, pamoja na kukupunja.

Leo ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, utasikia nyundo bado. Viti vya enzi vinatengenezwa, vingi kwa mvule au msaji, na weupe wa njumu unatoka kwenye mfupa wa ng'ombe, kwa kuwa biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1990. Hilo ni badiliko jema na halipunguzi kiti chochote. Lakini wateja wengi ni mahoteli na wageni walionunua nyumba katika kijiji cha Shela, na mteja wa hoteli hutaka viti kumi vinavyofanana ifikapo mwezi ujao. Nyumbani kwa fundi mwenyewe sebule ina viti vya plastiki. Hili ndilo linaloniuma kuliko uhaba wa mbao.

Uhaba wa mbao unaweza kushughulikiwa, na watu wa pwani hii wameanza. Mpingo hukua polepole sana, miongo mingi kabla ya kufaa kwa useremala, na tangu tarehe 2 Januari 2017 jamii nzima ya miti yake imekuwa chini ya kanuni za biashara za mkataba wa kimataifa wa CITES. Katika wilaya ya Kilwa, Tanzania, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna misitu yao kwa utaratibu, na wanavijiji wakawa wanauza mpingo wao wenyewe badala ya kuutazama ukipita juu ya malori ya wengine. Sebastian Chuwa wa Moshi alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuotesha miche ya mpingo na kuwafundisha watoto wa shule kuipanda. Mti huo unaota ukiachwa uote.

Mteja wa nyumbani haoti namna hiyo. Fundi anayechonga kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye hatakiona kiti baada ya kukiuza, hana mtu wa kumwambia kwamba njumu imelegea au kwamba yungiyungi limekosa ukingo wake. Ukali wa kazi ulitoka kwa majirani waliojua kutazama. Basi anayeoza binti mwaka huu na aende kwa fundi kabla ya kwenda kwenye duka la samani za kuagizwa. Si lazima iwe samadari nzima. Kiti kimoja kinatosha, au kasha moja. Aulize mbao imetoka msitu gani na kwa kibali gani, ampe fundi miezi anayoihitaji, na amlipe bei yake bila kumkata.