Saa ya Mkwe

Ijumaa moja, tulipokuwa twatoka msikitini hapa Ukunda, mpwa wangu alinipa mkono wa salamu, akauacha makusudi mbele ya macho yangu. Kifundoni yametameta saa ya rangi ya dhahabu, na usoni mwake taji dogo na jina la Rolex. Kijana ni weita katika hoteli moja ya Diani. Nikamwuliza, "Umerithi kwa nani?" Akacheka. "Nimeiagiza kwa simu, mjomba."

Msomaji ambaye hajaingia soko hilo nitamweleza. Halina mlango wala kizingiti. Mtu hufungua intaneti akaona picha, na muuzaji hasemi kuwa saa ni bandia. Husema ni "kopi", au ni ya "daraja la AAA", kana kwamba ughushi nao una chuo chake cha kutoa shahada. Fedha hupelekwa kwa M-Pesa, kifurushi huja kwa basi. Mpwa wangu alitoa shilingi 6,500. Saa ya asili ni ya kampuni iliyoanzishwa na Hans Wilsdorf na mwenziwe mjini London mwaka 1905, ikahamia Geneva baadaye, na ikiwa ni ya dhahabu bei yake hufika mamilioni ya shilingi zetu. Sikumlaumu sana. Mwenye kushinda akiinamisha sinia mbele ya mikono iliyovaa saa za namna hiyo, naye ana moyo. Tena nilimtania kuwa uongo wa muuzaji umemfaa, maana dhahabu ya kweli ni haramu kwa mwanamume, na hii ni rangi tu. Wanavyuoni wataniwia radhi.

Tukampitia fundi saa. Hakuhitaji hata kuifungua. Akatuonyesha akrabu ya sekunde: katika Rolex za siku hizi huteleza, kwani mtambo wake kwa kawaida hupiga mara 28,800 kwa saa moja, hii yaruka hatua moja moja, alama ya betri. "Lakini kwa kushika majira," akasema, "itaishinda ile ya asili." Na ni kweli. Saa ya betri hupotea sekunde chache kwa mwezi, hali ile ya mamilioni yaweza kupotea sekunde moja mbili kwa siku.

Mambo yangeishia kwenye mzaha lau kijana hangeposa. Alipokubaliwa huko Msambweni, aliivua saa mbele ya wazee akamvisha baba wa mchumba wake, mvuvi mtu mzima. Watu wakashangilia. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Nilijiambia kuwa ni sitara.

Baada ya miezi, mzee akaniita. Mashine ya mashua yake imekufa, naye ataka kuiuza saa kwa mtalii yeyote wa Diani. Akaonelea mimi, mtu wa magazeti, nitampatia mnunuzi mwaminifu. Akaitoa katika kipande cha leso. Alikuwa ameitegeza kwa saa zetu za Kiswahili, ili jua likizama akrabu zikutane juu. "Haijanihini hata siku moja," akasema.

Tangu sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008, kuuza kitu kama hicho ni kosa hapa Kenya, na wa kushikwa angekuwa yeye asiyejua kitu. Tena nikakumbuka kisa tulichofunzwa chuoni, cha Mtume (S.A.W.) kutia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na maji. Muuzaji akataja mvua. Akaulizwa kwa nini kilicholoa hakukiweka juu, watu wakakiona. Mimi maji yale niliyajua tangu siku ya posa.

"Nisitiri, mjomba," kijana akaniomba. Nikamwambia sitara haifiki kwenye mali ya mtu. Tukapanda matatu pamoja, tukapita Gazi bila ya neno. Alisema mwenyewe, macho chini. Mzee akaigeuza saa, akaigeuza tena. Kwa muda hatukusikia ila bahari.

"Na betri yake," akauliza, "yapatikana Ukunda, au mpaka Mombasa?"

Posa haikuvunjwa. Mashine ingali chini ya mnazi, na mpwa wangu hupeleka shilingi 3,000 kila mwisho wa mwezi. Saa mzee huivaa bado.