Kosa la Kiwandani, Jeraha la Mtaani

Mwaka 1955, mashine za kuuzia sigara huko Marekani zilitoza senti 23 kwa pakiti. Mteja akitumbukiza robo dola, chenji yake ya senti mbili aliikuta imebanwa ndani ya plastiki ya pakiti. Baadhi ya senti hizo zilikuwa na mwaka uliojirudia na maneno yaliyopandiana, vyote vikionekana bila kuhitaji lenzi. Zaidi ya 20,000 za aina hiyo zilitoka kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Kosa lilionekana, lakini zilikuwa zimeshachanganyika na lundo la senti nzima, zikaachwa ziende.

Anayepekua chenji yake leo kutafuta bahati kama hiyo hukosea anaposaka ajabu tu. Sarafu ikishafika mtaani hukanyagwa na magari, hutobolewa, huliwa na asidi. Swali la kujiuliza ni moja: je, mashine ya kiwandani ingeweza kufanya hivi?

Kisahani kitupu cha madini huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma na kugongwa kwa nguvu kubwa. Muhuri nao hupata picha yake kwa kukandamizwa na muhuri mama, na zamani ulikandamizwa zaidi ya mara moja. Mwaka ule wa 1955, mara ya pili ulikaa upande kidogo, basi kila senti iliyogongwa na muhuri huo ikarithi kosa lile lile. Inamishe sarafu kwenye mwanga wa pembeni: katika kosa la kweli, herufi zote mbili zimeinuka, na ncha zake zimepasuka mbili. Ukiona kidaraja bapa kando ya herufi, huo ni muhuri uliolegea ukacheza wakati wa kugonga. Wengi wanauziwa hicho kwa bei ya dhahabu, na inauma.

Uingereza kosa lilikuwa wazi zaidi. Mwaka 2008, sura mpya ya peni 20 ilipoingia, mwaka ulihamishiwa upande wa Malkia. Kiwandani Llantrisant, Wales, muhuri wa zamani wa Malkia ukakutanishwa na muhuri mpya wa upande wa pili, zikatoka peni 20 zisizo na mwaka popote.

Ukipata unayoishuku, usiisugue wala usiing'arishe. Wakusanyaji huthamini uso wa asili. Ipime uzito. Kwa mfano, senti za Marekani za 1943 zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu shaba ilihitajika vitani. Chache sana zilitoka za shaba kwa bahati mbaya. Yenye rangi ya shaba ikinaswa na sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi hiyo. Ya shaba halisi haing'ang'anii sumaku, na hukaribia gramu 3.1, ya chuma 2.7. Ikifaulu yote hayo, mpelekee mtaalamu, maana wapo wanaochonga 8 ya mwaka 1948 mpaka ifanane na 3.