Almasi Yenye Dosari na Mafundi Wake

Sonara akiletewa almasi huiinua kwenye mwanga, huisogeza chini ya lenzi na kuanza kutafuta doa. Akilipata, bei inashuka. Maabara za mawasiliano ya kwantamu zinakwenda kinyume. Huko jiwe safi kabisa, lililokuzwa kwa gesi ndani ya mtambo, halina kazi mpaka litiwe dosari. Atomu za silikoni zinafyatuliwa ziingie ndani yake, kisha jiwe linapashwa moto unaozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi katika ombwe, hadi silikoni mojamoja ipate makao mahali ambapo atomu mbili jirani za kaboni zimetoweka. Inajikalia katikati kabisa, kama mtu aliyepewa viti viwili akakaa kwenye mpaka wake. Dosari hiyo moja ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu fedha nyingi za walipa kodi wa nchi kubwa zinaizunguka, na bado watu wengi wanaielewa visivyo.

Kila ninaposikia intaneti ya kwantamu ikitajwa, inafuata ahadi ya kasi: filamu itashuka kabla hujapepesa jicho, habari itaruka haraka kuliko mwanga. Hakuna hata moja lililo kweli. Mtandao huu hauji kuuondoa ule tulio nao. Hata hauwezi kufanya kazi bila huo, kwani kila hatua yake inahitaji ujumbe wa kawaida upite njia ya kawaida, kwa kasi isiyozidi ya mwanga. Kinachogawiwa ni mfungamano: uhusiano wa chembe mbili zilizo mbalimbali, ambazo vipimo vyake vinaoana kwa namna isiyoweza kuelezwa na mapatano yoyote ya siri zilizoachana nayo mwanzoni. John Bell alionyesha mwaka 1964 jinsi ya kulichunguza jambo hilo, na Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2022 kwa majaribio yaliyolithibitisha.

Kuufikisha mfungamano huo mji wa pili ndiko kwenye kazi. Mwanga unaopita kwenye faiba nzuri hupungua kwa desibeli 0.2 hivi kila kilomita. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini baada ya kilomita 50 ni fotoni (chembe ya mwanga) moja tu kati ya 10 iliyosalia, na baada ya kilomita 100 ni moja kati ya 100. Tuseme una chanzo kinachotoa fotoni bilioni 10 kwa sekunde, na unazituma umbali wa kilomita 1,000 bila msaada wa njiani. Utasubiri takribani miaka 300 kuipokea moja.

Mikongo ya baharini iliyotua Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009 hulimaliza tatizo hili kwa vikuza mwanga vilivyozamishwa kila baada ya makumi ya kilomita. Mwanga uliofifia unaingia, mwanga mwingi unaofanana nao unatoka. Huko ni kunakili, na hali ya kwantamu hainakiliki. William Wootters na Wojciech Zurek, na Dennis Dieks kwa upande wake, walithibitisha mwaka 1982 kwamba hakuna mashine inayoweza kuchukua hali isiyojulikana ikatoa mbili zilizo sawasawa. Sheria inayomnyima mdukuzi nakala ndiyo hiyohiyo inayomnyima mhandisi kikuza mwanga.

China ilipojenga njia yake ya kugawa funguo za siri za kwantamu kutoka Beijing hadi Shanghai, kilomita 2,000 hivi, iliweka vituo 32. Katika kila kituo siri inafunguliwa na kufungwa upya, kwa hiyo usalama wa njia nzima unategemea kwamba hakuna kituo hata kimoja kilichoingiliwa. Naiheshimu kazi hiyo, lakini bado ni kumwamini mlinzi wa mlango.

Njia nyingine iliandikwa mwaka 1998 na Hans Briegel, Wolfgang Dür, Ignacio Cirac na Peter Zoller, nayo ni ripita ya kwantamu. Jina linapotosha, maana ripita hii hairudii wala haikuzi chochote. Inaunga. Weka kituo katikati ya miji miwili. Kila upande ujaribu kuunda mfungamano wake na kituo, tena na tena, na majaribio mengi yatafeli. Pande zote mbili zikishafaulu, kituo kinazipima kwa pamoja chembe mbili zilizo mikononi mwake, kinatangaza jibu kwa ujumbe wa kawaida, na zile chembe mbili za miji ya mwisho, ambazo hazijapata kukutana maishani mwake, zinakuwa zimefungamana.

Ugumu wote uko kwenye kusubiriana. Kama kila upande hufaulu mara moja katika majaribio 100, basi kufaulu pamoja, kwenye jaribio lilelile, ni mara moja katika 10,000. Lakini kama upande uliotangulia unaweza kukaa kituoni ukamsubiri mwenzake, kwa wastani majaribio 150 hivi yanatosha. Ni tofauti ya mabasi mawili yanayopishana barabarani huku abiria anatakiwa aruke kutoka dirisha hadi dirisha, na mabasi yanayoshusha watu stendi. Stendi hiyo ndiyo dosari ya almasi.

Ndani ya dosari mna elektroni, na elektroni ina spini inayoweza kuelekea juu, chini, au kuwa katika mchanganyiko wa hali hizo. Fotoni ikigonga hapo na kurudi, hali yake na hali ya elektroni zinafungamana. Lakini elektroni ni msahaulifu. Kelele ndogo ya jirani inaivuruga. Kwa hiyo hali hiyo inahamishiwa kwenye kiini cha silikoni yenyewe, ile aina ya silikoni 29, ambacho hakijali sana yanayotokea nje. Hapo inaweza kudumu zaidi ya sekunde moja. Sekunde moja si kitu kwa mimi na wewe, lakini ni muda wa mwanga kukimbia kilomita 200,000 hivi ndani ya faiba.

Kuna dosari nyingine maarufu zaidi, ya nitrojeni iliyo jirani na nafasi tupu. Kikundi cha Ronald Hanson huko Delft, Uholanzi, kiliitumia mwaka 2021 kuunda mtandao wa vituo 3. Hiyo ina kumbukumbu nzuri, ila ni asilimia 3 tu hivi ya fotoni zake zinazofaa kwa kazi hii. Nyingine zinatoka zimechanganyika na mitikisiko ya jiwe. Ya silikoni, kwa kuwa imekaa katikati bila kuegemea upande, mwanga wake ni safi zaidi. Inadai malipo yake: jiwe lazima lipozwe hadi sehemu ya digrii moja juu ya sifuri halisi, baridi isiyopatikana popote katika maumbile ya dunia hii. Halafu kuna suala la rangi. Almasi inatoa mwanga mwekundu, na mwekundu hufa haraka kwenye faiba. Lazima ubadilishwe uwe infraredi inayopita vizuri, tena bila kuuvuruga mfungamano.

Mwezi Mei 2024 kikundi cha Mikhail Lukin cha Harvard kilitangaza kwamba kimefungamanisha almasi mbili za namna hii kupitia faiba ya kilomita 35 iliyozunguka mitaa ya eneo la Boston. Hiyo haikuwa faiba ya pekee iliyoviringwa juu ya meza ya maabara, bali ni ya kampuni za simu, ile inayopanuka jua likiwaka na kutikisika malori yakipita. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko rekodi yoyote ya umbali, kwa sababu linamtoa mtaalamu mezani na kumpeleka barabarani, anakokutana na watu wengine kabisa.

Soko halikuliomba jambo hili. Kwa miaka mingi hakukuwa na mteja. Serikali ndizo zilizobeba gharama: Umoja wa Ulaya ulianzisha mwaka 2018 mpango wa miaka 10 wenye thamani ya euro bilioni 1, na Desemba 21 mwaka huohuo Marekani ikasaini Sheria ya Mpango wa Taifa wa Kwantamu, iliyoidhinisha takribani dola bilioni 1.2 kwa miaka 5. Mwaka 2020 Wizara ya Nishati ya huko ilitenga dola milioni 625 kwa vituo 5 vya utafiti, na Mfuko wa Taifa wa Sayansi ukatoa dola milioni 26 kwa Kituo cha Mitandao ya Kwantamu, kinachoongozwa na Chuo Kikuu cha Arizona pamoja na Harvard, MIT na Yale. Lengo kuu la kituo hicho ni hiyo ripita.

Vichwa vya habari hubeba takwimu hizo na kuishia hapo. Ndani ya sheria ya Marekani mna sehemu ya elimu, na hiyo ndiyo ningependa watunga sera wetu waisome mara mbili. Mwaka 2020 ulianzishwa huko ushirikiano wa kuingiza mawazo ya kwantamu katika shule za msingi na sekondari. Mwaka 2022 ukatoka mpango wa taifa wa nguvukazi ya fani hii. Agosti mwaka huohuo sheria kuhusu chipu na sayansi ikaweka programu ya majaribio ya kuandaa wanafunzi na walimu. Wamarekani waliona kitu rahisi: maabara zimejaa wanafunzi wa uzamivu wanaopoteza wiki nzima wakitafuta tundu linalovujisha ombwe. Anayetakiwa hapo ni fundi sanifu anayejua pampu, mtu wa majokofu ya heliamu, mtu wa kunyoosha leiza, mtu wa kuunga faiba. Wengi wao hawahitaji digrii ya tatu. Wanahitaji chuo chenye vifaa na mwalimu aliyewahi kuvishika.

Hata Wamarekani wamekosea mahali. Bunge kuidhinisha fedha si sawa na fedha kutoka, na idhini ya ile miaka 5 iliisha Septemba 2023 bila nyingine kuwa tayari. Fundi hafundishwi kwa mtindo wa kuwasha na kuzima. Ukimwachisha kazi mwalimu wake mwaka mmoja, ameshakwenda kwingine.

Afrika haiko nje ya simulizi hii. Kombe la Dunia la 2010 lilipochezwa Durban, mawasiliano kati ya Uwanja wa Moses Mabhida na kituo cha uendeshaji yalilindwa kwa funguo za kwantamu, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal pamoja na kampuni ya Uswisi. Mwaka 2025 zilichapishwa habari za funguo zilizoshirikishwa kwa satelaiti ndogo ya China kati ya Beijing na Stellenbosch, Afrika Kusini, umbali wa kilomita 12,900. Serikali ya Afrika Kusini ina mpango wake wa kitaifa wa kwantamu. Kigali kulianzishwa kituo cha Quantum Leap Africa chini ya taasisi ya hisabati ya AIMS. Hizi ni mbegu za kweli.

Kwetu Tanzania tumelaza Mkongo wa Taifa, na nchi jirani zina mikongo yao. Tumenunua kioo. Mtu wa kukielewa kioo hicho tumemwacha. Mimi nilisoma fizikia ya sekondari kwa kuchora vifaa ubaoni. Lenzi ya kwanza niliyoishika mkononi ilikuwa ya miwani ya babu yangu. Shinyanga inatoa almasi tangu mwaka 1940, Mwadui inajulikana duniani kwa lile jiwe la waridi alilopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, na bado mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha sita kando ya mgodi huo bila kuambiwa kwamba njano ya almasi nyingi hutokana na nitrojeni, na kwamba nitrojeni hiyohiyo, ikikaa jirani na nafasi tupu, huweza kutunza siri. Sisemi mawe ya Mwadui yangefaa kwa ripita. Yanayotumika hukuzwa viwandani. Ninasema somo zuri kuliko yote lipo chini ya miguu ya watoto hao, na tunalipima kwa karati.

Matumizi ya mtandao wa kwantamu? Funguo za siri zisizodukuliwa njiani, kompyuta za kwantamu kuunganishwa zifanye kazi kama moja, saa za atomu kulinganishwa kati ya mabara, darubini zilizo mbalimbali kutazama nyota kama jicho moja, vipimo vya sumaku na mvutano, na mengine ambayo wataalamu wenyewe hawajayafikiria.

Mwaka jana nilikaa kando ya shimo la barabarani nikimtazama kijana akiunga faiba. Alimenya uzi, akaufuta kwa spiriti, akaukata, akauweka kwenye mashine. Kioo cha mashine kikaandika hasara ya desibeli 0.04. Akaguna, akaukata tena. Mara ya pili ikaja 0.01, akaridhika. Nikamweleza habari za almasi za Boston, kwamba kwenye njia hizo hakuna kikuza mwanga, hivyo kinachopotea kwenye kiungo hakirudi. Alisikiliza huku akipasha moto kifuniko cha kiungo. Neno kwantamu lilikuwa geni kwake. Alichoniuliza ni viungo vingapi vinaruhusiwa kwa kilomita, na wanapimia mashine gani.