Manahodha Wengi Katika Chombo Kimoja: Ni Nani Mwenye Dhamana ya Usafiri Wetu?



Aishiye Umbilo hahitaji kuelezwa kwamba usafiri ni sehemu ya riziki. Baba aingiaye kazini kabla ya jua kuchomoza, mama asafishaye ofisi za mjini, mtoto atokaye shule kuelekea madrasa, mgonjwa mwenye miadi hospitalini, wote hao hutegemea gari lifike kwa wakati. Lisipofika, mshahara hukatwa, somo hupita na miadi husogezwa mwezi mwingine. Aghalabu lawama humwangukia dereva, kwa kuwa ndiye tumwonaye. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba chanzo cha taabu hiyo mara nyingi kiko mbali na usukani. Kimo katika zabuni, katika mikataba, na katika ofisi ambazo hazikai meza moja.

Barabara moja, wakubwa watatu

Tuanze hapa hapa tulipo. Mabasi ya jiji yako chini ya Manispaa ya eThekwini, ambayo huyakabidhi kwa mwendeshaji kwa mkataba. Reli ipitayo kituo cha Umbilo iko chini ya PRASA, shirika la serikali kuu lililoundwa mwaka 2009. Teksi za abiria, ambazo kwetu tungeziita daladala au matatu, ni mali ya watu binafsi waliojiunga katika vyama, na leseni za njia zao hutolewa na mamlaka za mkoa wa KwaZulu-Natal. Kwa hiyo abiria mmoja, katika safari moja, hupita mikononi mwa wakubwa watatu, na kila ashukapo chombo kimoja na kupanda kingine hulipa upya.

Sheria ya Taifa ya Usafiri wa Nchi Kavu ya mwaka 2009 ililiona tatizo hilo. Iliitaka miji mikubwa iandae mpango mmoja wa kuunganisha vyombo vyote. Lakini mpango ulioandikwa ni jambo moja, na kutii mpango ni jambo jingine. Mafuriko ya Aprili 2022 yalipoharibu njia za reli za Durban, mzigo wa abiria uliwaangukia wenye mabasi na wenye teksi, ambao hawakuwa chini ya amri ya shirika la reli. Wahenga walikwisha kusema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Basi hununuliwa kwa daftari kwanza

Kabla ya basi kuonekana barabarani, limekwisha kupita katika karatasi nyingi. Kwanza huandikwa haja: abiria wangapi, njia ipi, saa zipi. Kisha huandikwa vipimo vya chombo kinachotakiwa. Hutangazwa zabuni, hupimwa maombi, husainiwa mkataba, na mwisho huteuliwa wa kuusimamia. Kwa kuwa kazi hii yataka ujuzi, serikali huajiri washauri waelekezi wa kuhesabu abiria, kuchora njia na kuandaa mikataba. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 217, yaagiza kwamba ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wenye ushindani na usiopoteza fedha. Maneno ni mazuri. Tuyapime kwa matukio.

Mwaka 2003 jiji la Durban liliuza mabasi yake kwa kampuni ya Remant Alton kwa randi milioni 70. Haikupita miaka mingi, huduma ikayumba, na mwaka 2008 jiji likaafiki kuyarejesha mikononi mwake kwa randi milioni 405. Uendeshaji ulikabidhiwa kampuni nyingine, Tansnat, kwa mikataba ya muda mfupi iliyokuwa ikiongezwa mara kwa mara. Mwendeshaji asiyejua kama mwakani atakuwapo hana sababu kubwa ya kutunza injini kwa ajili ya miaka kumi ijayo. Hasara ya namna hiyo huanza siku ya kuandika masharti, na abiria huiona baadaye, basi linapokufa njiani.

Mfano wa pili ni wa PRASA yenyewe. Shirika hilo liliagiza vichwa 70 vya treni kutoka kampuni ya Swifambo, kwa mkataba wa takriban randi bilioni 3.5. Vilipofika 13, ilibainika kwamba vile vya dizeli vilikuwa virefu kupita kimo kilichofaa kwa reli za nchi hii. Mwezi wa Julai 2017 Mahakama Kuu iliubatilisha mkataba huo baada ya kuona kwamba zabuni ilipindishwa, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliuthibitisha uamuzi huo. Kipimo cha kimo ni jambo ambalo fundi wa karakana angaliweza kulijibu kwa futi yake, lakini zabuni ikishapindishwa, neno la fundi halisikilizwi.

Funzo kutoka Dar es Salaam

Tusidhani kwamba haya ni ya ugenini tu. Mradi wa Mabasi Yaendayo Haraka wa Dar es Salaam ulichorwa vizuri. Washauri wa kampuni ya Logit ya Brazil walisaidia kuandaa mpango, na Wakala wa DART ukaundwa mwaka 2007. Mpango ulitaka kazi zitenganishwe: mwenye kuendesha mabasi asiwe ndiye akusanyaye nauli, na fedha zitunzwe na mtu wa tatu. Busara yake ni ile ile ya dukani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Safari zilianza Mei 2016, kwa kilomita 21 za awamu ya kwanza na mabasi 140, chini ya mwendeshaji wa mpito, UDA-RT. Mabasi yalikuwa yamekwisha kuwasili mwaka uliotangulia, yakabaki yakingoja, na mojawapo ya mambo yaliyochelewesha ni mvutano wa nauli, ambayo hatimaye ilipangwa shilingi 650 kwa njia kuu. Mwaka 2018 mabasi mengine 70 yalikwama bandarini kwa ubishi wa ushuru. Barabara ya Mbagala ilijengwa ikakamilika, ikangoja mabasi hadi mwaka 2025. Tazama ni ofisi ngapi zilihusika: wajenzi wa barabara, wakala wa mabasi, mdhibiti wa nauli, watoza kodi na mwendeshaji. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, lakini abiria wa Mbagala aliendelea kuning'inia mlangoni mwa daladala.

Hapa Durban, njia ya GO!Durban kati ya Pinetown na Bridge City imepita katika taabu ya jamaa moja na hiyo. Ujenzi ulianza zaidi ya miaka kumi iliyopita, na tarehe za kuanza safari zikaahirishwa tena na tena, mojawapo ya sababu ikiwa mazungumzo magumu na wenye teksi juu ya hisa yao. Mshauri aweza kuchora njia kwa miezi michache; kuwaridhisha watu ambao riziki yao ipo katika njia hiyo ni kazi ya uongozi, na haifai kuachwa mpaka saruji ikauke.

Sisi wageni tuna neno gani?

Wapo wasemao kwamba haya ni mambo ya wenyeji. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mifumo ya Manispaa ya mwaka 2000 inapoeleza ni nani walio jamii ya mji, huwataja wakazi, si raia pekee, na hata wageni wanaotumia huduma zake. Hao wote wana haki ya kuchangia maamuzi. Sheria hiyo yaagiza pia kwamba asiyeweza kuandika asaidiwe na mtumishi wa manispaa kuyaandika maoni yake.

Tena Sheria ya Fedha za Manispaa ya mwaka 2003, kifungu cha 33, yaelekeza kwamba mkataba unaoifunga manispaa kifedha kupita miaka mitatu ya bajeti utangazwe hadharani, na watu waalikwe kutoa maoni, siku 60 au zaidi kabla ya kikao cha baraza kuuidhinisha. Bajeti ya mwaka nayo huwekwa wazi kabla ya Aprili, kwa kuwa mwaka wa manispaa huanza tarehe 1 Julai.

Basi tunashauri kila familia iweke daftari dogo kwa mwezi mmoja: tarehe, kituo, saa ya kungoja, saa ya kuondoka, nauli iliyolipwa. Familia kumi zikiunganisha madaftari yao, zitakuwa na ushahidi ambao mshauri wa serikali hulipwa kuutafuta. Katika mkutano wa kata, ulizeni maswali matatu: mkataba wa mabasi yetu unamalizika lini, mwendeshaji hutozwa nini basi lisipokuja, na ni ofisi gani yenye jukumu la kuunganisha basi, treni na teksi. Jina la ofisi hiyo likishatajwa mbele ya watu na kuandikwa katika kumbukumbu za kikao, mwezi ufuatao mtajua pa kuyapeleka madaftari yenu.