Maua ya Vitunguu kutoka Afrika ya Kusini: Ni Yapi Yatakayokubali Mombasa?

Wako watu wengi hapa Kisiwani walioona picha za maua ya pande za Cape wakayatamani. Fresia, nerine, gladiola na mengine mengi hayaoti kwa mbegu tu, bali hutoka katika vitunguu vinavyozikwa udongoni. Mwenye kuviuza huzisifu rangi zake, hupokea fedha yake, kisha huenda zake. Baada ya miezi mitatu mnunuzi hubakiwa na majani manne ya manjano na chungu cha udongo. Mimi nami nimo katika hesabu ya wanunuzi hao, tena si mara moja.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini mambo huwa hivyo. Katika nchi ya Cape Town mvua hunyesha wakati wa baridi, tangu Mei hata Agosti, na miezi ya joto huwa mikavu. Kitunguu cha huko huamka mvua ianzapo, hukua katika baridi, hutoa maua, kisha majani hukauka na chenyewe hulala ardhini mpaka baridi nyingine. Cape Town iko digrii 34 kusini ya Ikweta, na Mombasa ni digrii 4 tu. Kwetu masika huja pamoja na joto, vuli nayo vivyo hivyo, na hata usiku wa Julai, kusi ivumapo, ni nadra kupata baridi ya chini ya digrii 20. Basi mvua yetu hukiamsha kitunguu, na joto letu hukikatalia kuchanua. Nacho, kikiwa kimelowa wala hakina kazi, huoza.

Fresia ndiyo inayotudanganya zaidi. Mwaka mmoja niliviweka vitunguu vya fresia ndani ya friji muda wa wiki sita, nikidhani kwamba nimevipa baridi ya kwao. Havikutoa hata ua moja. Baadaye nilipata kusoma kwamba nilifanya kinyume kabisa. Kitunguu cha fresia kikiwa kimelala hupenda joto, na wakulima wa biashara hukiweka katika joto la digrii 30 kwa majuma mengi ili kiamke vyema. Baridi huihitaji baada ya kupandwa, maana ua huanza kufanyika katika udongo wa digrii 15 hivi. Udongo wa namna hiyo utaupata Limuru, wala si Kibokoni. Mwenye jamaa huko bara na ampelekee.

Walakini Afrika ya Kusini si Cape peke yake. Upande wa mashariki, katika nchi ya Natal, mvua hunyesha wakati wa joto kama kwetu, na maua ya huko mengi yana ndugu zao katika Afrika ya Mashariki. Hayo ndiyo ya kutafuta. La kwanza ni lile ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Ua lake ni tufe jekundu lenye vijiua vingi, pengine zaidi ya mia, juu ya shina moja nene, nalo hutokeza mvua zianzapo. Lapenda kivuli, kwa hiyo lafaa sana katika viwanda vya nyumba za Mji wa Kale, ambamo jua huingia saa chache tu. Lipande kwenye chungu, shingo ya kitunguu iwe sawa na uso wa udongo, ulimwagilie maji likiwa na majani, na majani yakikauka uache kabisa. Usilihamishehamishe. Likikaa miaka katika chungu kimoja huzidi kuchanua.

Gladiola ni jambo la kubahatisha. Mmoja wa wazazi wa gladiola za bustanini ni Gladiolus dalenii, lenye rangi ya machungwa na manjano, nalo huota porini tangu Afrika ya Kusini hata Ethiopia. Hivyo si mgeni kabisa. Mimi hupanda mwezi wa Juni, masika yakiisha, kina cha inchi nne, mahali pasipopigwa na upepo wa chumvi. Nikipata maua katika nusu ya vitunguu nilivyopanda hushukuru.

Yako pia maua makubwa mekundu, mithili ya tarumbeta, ambayo huuzwa kwa jina la amarilisi na kusifiwa kuwa ni ya Cape. Amarilisi ya kweli ya Cape ni nyingine. Hiyo tunayouziwa asili yake ni Amerika ya Kusini, na ndiyo sababu yavumilia joto letu! Inunue kwa furaha, ila usilipe bei ya jina.

Sasa habari ya udongo. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na ardhi yake ina chokaa nyingi. Tena visima vingi vya Mji wa Kale vina maji ya chumvichumvi. Kwa hiyo usichimbe udongo chini ya ukuta wa nyumba ya mawe, wala usichukue mchanga wa pwani. Tumia mchanga wa mto, samadi iliyooza hata haina harufu, na udongo mwekundu kutoka bara, sehemu sawasawa. Chini ya chungu tia vigae vilivyovunjika, na tundu liwe wazi. Maji bora ni ya mvua. Pipa moja chini ya mlizamu wa dari latosha vyungu vingi kwa muda mrefu.

Jambo moja nitalisema kwa mkazo. Vitunguu hivi vina sumu. Nilikuwa nimeviweka vile vya tufe jekundu, vimelala, ndani ya kikapu karibu na jiko, kwa kuwa pale ni pakavu. Mtoto akatumwa kitunguu cha kachumbari, akaleta kimoja katika hivyo. Mama mkwe wangu alikipasua, akasimama na kisu mkononi, akaniita. Alisema, “Bwana, kitunguu gani hiki kisicholiza mtu?” Kilikuwa hakina harufu ya kitunguu hata kidogo. Laiti angekuwa na mafua siku ile, tungalikula sote, na ndani yake mna sumu ya kutapisha na kuharisha vibaya, tena mtoto mdogo huweza kuangamia. Tangu hapo vyangu hulala humo humo katika vyungu vyao, juu darini.

Mama mkwe mwenyewe hayapendi sana maua haya. Kwake ua ni asmini, kilua na mrehani, navyo ni vya kutiwa katika kikuba. Ua lisilonukia, asema, ni la kutazamwa na wapita njia. Nikamletea Crinum, kitunguu kikubwa cha maua meupe yenye mistari ya waridi, aina iliyopatikana tangu Natal hata Kenya, nikaipanda katika nusu ya pipa. Ilikaa bila kuchanua hata nikachoka kuitazama. Vuli iliyopita ilifungua maua yake jioni, kama ilivyo desturi yake, na harufu ikapanda ngazi hata chumbani kwake. Asubuhi nilikuta ua moja limekatwa.