Naitrojeni Haimjui Tajiri

Alhamisi ya tarehe 12 Septemba 2024, saa saba na dakika 12 mchana kwa saa za Kenya, oksijeni safi ilianza kupita katika suti za watu wanne waliokuwa ndani ya chombo cha Dragon, mamia ya kilomita juu ya vichwa vyetu. Hapo ndipo yalipoanza matembezi ya kwanza ya angani kufanywa na watu wasiotumwa na serikali yoyote. Jared Isaacman, mfanyabiashara Mmarekani aliyegharimia safari hiyo ya Polaris Dawn kwa kushirikiana na kampuni ya SpaceX, alichomoza nje kwa dakika 8 hivi. Akarudi ndani, na Sarah Gillis, mhandisi wa SpaceX, akachukua zamu yake kwa muda unaokaribia huo. Scott Poteet na Anna Menon walibaki vitini wakiangalia mirija na vipimo. Ilipofika saa nane na dakika 58, kazi ilikuwa imekwisha.

Mengi yaliyoandikwa baadaye yalihusu fedha za tajiri yule. Mimi nimevutiwa zaidi na hewa. Dakika zile chache za kuwa nje zilitanguliwa na saa 45 hivi za kuandaa hewa ya chumba na miili ya waliokuwamo, na kabla ya saa hizo kulikuwa na zaidi ya miaka 2 ya mafunzo. Sayansi yote ya safari ile imejificha humo, na sehemu kubwa yake inaeleweka vizuri sana na mtu wa nyanda za juu.

Sisi tunaoishi Kihoto, kandokando ya Ziwa Naivasha, tuko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Aliyehamia huku kutoka Pwani hulitambua jambo hili jikoni kabla ya kulisoma popote: maharagwe hayaivi upesi, kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kileleni mwa Longonot, mita 2,776, yangechemka karibu na nyuzi 91. Endelea kupanda hadi kilomita 19 na maji yanachemka kwenye nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wa binadamu. Mtu akiwa huko bila kinga, mate mdomoni na unyevu wa machoni huanza kuchemka ilhali yeye mwenyewe hana homa. Suti ya mwanaanga kazi yake ya kwanza ni kuuzungushia mwili shinikizo ambalo anga haina.

Basi kwa nini suti isijazwe hewa kama ya ufukweni, mambo yakaisha? Kwa sababu ingekakamaa. Mrusi Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo, yalimkuta tarehe 18 Machi 1965. Suti yake ilivimba katika ombwe hata akashindwa kurejea ndani, ikambidi aitoe hewa kidogo kidogo, jambo la hatari kubwa, ndipo akaweza kujipenyeza. Alikuwa nje kwa dakika 12 tu. Ndiyo maana wahandisi huweka ndani ya suti shinikizo dogo. Katika suti za Polaris Dawn lilikuwa kama theluthi moja ya lile la ufukweni. Anayevaa hapungukiwi pumzi, kwa kuwa theluthi hiyo yote ni oksijeni, ilhali katika hewa tunayovuta kila siku oksijeni ni sehemu moja kwa tano.

Kinachobaki ni naitrojeni, na hapa ndipo penye kazi. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na sehemu yake imeyeyuka katika damu, mafuta na viungo vyetu. Imetulia humo maadamu shinikizo la nje halibadiliki ghafla. Likishuka kwa haraka, hutoka kwa mapovu ndani ya mwili. Wapiga mbizi wanaotafuta jongoo bahari katika pwani yetu wanaujua ugonjwa huu. Anayekaa chini sana kwa mtungi kisha akapanda juu haraka hushikwa na maumivu makali ya viungo, na wengine hupooza. Kutoka katika chumba chenye hewa ya ufukweni hadi katika suti yenye theluthi ya shinikizo hilo ni kupanda kwa namna ileile, ila huku unaelekea kwenye ombwe.

Dawa yake ni subira. Mara tu walipofika angani, hewa ya chumba cha Dragon ilianza kupunguzwa polepole huku kiwango cha oksijeni kikiongezwa. Kwa karibu siku mbili chumba kilishushwa hadi shinikizo analolikuta mpanda mlima kwenye mita 4,300 hivi, juu kidogo ya kambi ya Mackinder, Mlima Kenya. Kwa kuwa oksijeni ilikuwa imeongezwa, hawakupata yale maumivu ya kichwa na kichefuchefu ambayo wageni wengi hupata pale kambini. Wakati huo wote naitrojeni ilikuwa ikitoka mwilini kwa njia ya mapafu, pumzi kwa pumzi. Hakuna fedha inayoweza kuiharakisha.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina chumba kidogo cha kutokea, kinachofungwa pande mbili ili waliobaki ndani waendelee kuvuta hewa yao ya kawaida. Dragon haina. Mlango ulipofunguliwa, chumba kizima kilikuwa ombwe, na watu wote wanne wakategemea suti na mirija ya oksijeni. Binadamu wanne hawakuwahi kuwa katika ombwe kwa wakati mmoja kabla ya siku hiyo. Ilibidi chombo kiongezewe matangi ya kujaza hewa upya, na puani pakawekwa fremu ya vyuma vya kushikilia iliyoitwa Skywalker. Isaacman na Gillis hawakuelea huru. Walitoka kiunoni kwenda juu, wakishika vyuma hivyo, wakikunja viwiko, wakizungusha mabega, wakifungua na kufumba viganja, ili wahandisi waone suti inakubali wapi na inakataa wapi. Wako waliosema hayo si matembezi. Kwangu mimi, kuijaribu suti mpya hatua kwa hatua, mkono ukiwa kwenye chuma, ndiyo njia ya kuipima inayostahili kuaminiwa.

Mafunzo ya duniani yalikuwa ya kuchosha mwili na akili pamoja. Waliruka kwa ndege za kivita na kwa miavuli, wakazamia baharini, wakaketi katika vyumba vya kupunguzwa hewa, wakaning'inizwa kwa kamba huku wamevaa suti ili wazoee kusogea bila uzito. Walipelekwa Ecuador kupanda Cotopaxi, mlima wa mita 5,897, ambao umeupita Uhuru wa Kilimanjaro kwa mita 2 tu. Kupanda mlima hakumfundishi mtu kuelea. Humwonyesha jinsi mwenzake anavyokuwa akichoka na akikosa pumzi, na jinsi yeye mwenyewe anavyoamua mambo akiwa katika hali hiyo. Gillis, kabla ya kuchaguliwa, kazi yake ilikuwa kusimamia mafunzo ya wanaanga wengine.

Kihoto kuna familia zilizohama nyumba zao ziwa lilipofurika mwaka 2020 na tena 2025, nazo zina haki ya kuuliza haya yote yanawahusu nini. Yanawahusu. Kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot, jirani yetu, kilifunguliwa mwaka 1970. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya ya kuangalia ardhi, Taifa-1, ilipandishwa na roketi ya Falcon 9, aina ileile iliyowabeba Isaacman na wenzake. Ziwa linalopanda hupimwa kutoka juu, na anayetaka kupima kutoka juu lazima awe na watu waliofundishwa kazi za anga.

Hadi leo hakuna raia wa Afrika Mashariki aliyetoka nje ya chombo angani. Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu alitoka tarehe 28 Aprili 2023, naye anatoka katika nchi iliyokuwa na programu changa ya wanaanga. Kenya ina Shirika la Anga tangu 2017. Ina makocha wa Iten ambao wamefundisha miili kwenye mita 2,400 kwa miongo mingi, waongozaji wa Mlima Kenya wanaomtambua mgonjwa wa mwinuko kwa kumtazama anavyotembea, na madaktari wa Pwani waliotibu wapiga mbizi. Naliomba shirika hilo liwaite watu hawa mezani pamoja na vyuo vikuu vyetu, lianzishe utafiti wa mwili wa binadamu katika hewa pungufu hapahapa Bonde la Ufa, na liuanze sasa, kabla ya kutafuta wa kutulipia kiti.